Bonde Lililopaliliwa

Mama mkwe wangu alinichukia kwa sababu ya chakula, na sioni haja ya kumsafisha eti kwa kuwa siku hizi anakula kwangu. Siku ya kwanza ninapelekwa kwao, kijiji cha ndani ukishukia Nanyala, nilibeba chikanda kwenye beseni, nimekifunika kitambaa cheupe, nikapiga magoti mlangoni kama nilivyofundwa. Alifunua kitambaa, akakibonyeza chikanda kwa kidole, akawageukia mawifi zangu na kusema, "Mwanangu kaoa mla matope." Wakacheka wote. Nami nikacheka, maana bibi harusi akinuna siku ya kwanza atasemwa mpaka azeeke.

Asiyekijua chikanda nimweleze. Ni viazi vidogo vya porini, vingi havizidi kidole gumba, vinavyochimbwa kwenye mabonde ya majimaji chini ya mimea yenye maua mazuri. Vinaoshwa, vinaanikwa, vinatwangwa mpaka viwe unga. Unachemsha maji na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi kidogo, halafu unamimina unga wa viazi huku unasonga bila kupumzika mpaka bega liume. Unafunika sufuria, unaweka makaa juu ya mfuniko, unaacha. Kikiiva kinaganda, unakikata vipande kama mkate. Wazambia wanakipenda kuliko nyama. Mama yangu ni Mnamwanga, nusu ya ndugu zake wako Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na mimi nilifundishwa kusonga chikanda na mama mdogo wa upande ule kabla hata sijajua kusonga ugali. Wanyiha wa kule kwa mume wangu ni watu wa kahawa na mahindi, watu wa mistari iliyonyooka. Kwao wakati ule kitu ambacho mtu hakukipanda hakikuwa chakula.

Basi tuliishi hivyo. Mimi na mume wangu tulikaa Chapwa, pale Tunduma. Yeye dereva wa lori, mwezi hapa mwezi Kongo, na mimi nikiuza chikanda kwenye foleni ya magari ya mpakani. Kila Krismasi tulikwenda kwao, na kila Krismasi mama mkwe alinitengea sufuria yangu peke yake, iliyong'oka mkono, ili matope yangu yasiguse vyombo vyake. Aliniambia hivyo kwa sauti, watu wakiwepo.

Baba mkwe akafa. Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao, na aliyekiongoza ni kaka yake marehemu, ambaye sisi tunamwita baba mkubwa. Ni mzee wa kanisa. Anasali vizuri mpaka machozi yanakutoka, na ukifumbua macho unakuta anatazama mpaka wa shamba lako. Kahawa waligawiwa watoto wa kiume. Mama mkwe alibaki na nyumba, migomba, na bonde lililokuwa nyuma ya jiko lake, ambalo marehemu hakuwahi kulilima kwa sababu mguu ulikuwa unazama. Baba mkubwa akasafisha koo. "Bonde limelala," alisema. "Na ardhi isiyo na alama ya jembe ni ya ukoo. Mama tunampa misimu miwili mitatu tuone analifanyia nini. Akishindwa, nitapanda milingoti."

Kila mtu pale alielewa maana yake. Kisima cha mama mkwe kiko kichwani mwa bonde lile. Milingoti, ile mikaratusi, inakunywa maji usiku na mchana, na nyumba isiyo na maji haikaliki na mjane mwenye magoti mabovu. Hakuna aliyemfukuza. Walimwachia tu muda.

Siku ya pili yake nilishuka bondeni kukata majani ya kufunikia ndizi, nikaona majani ninayoyajua. Nilichimba kwa kijiti, nikapandisha na mkono umejaa. Chikanda, tena kingi, kimetapakaa bonde zima toka enzi za babu zao na hakuna mdomo uliowahi kukigusa. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, bado amejifunga kitambaa cheusi.

Mtu mwema angemwambia taratibu. Mimi nilimwonyesha viganja vyangu nikasema, "Mama, haya matope yana wateja." Nikamwambia kama anataka kulishika bonde lake awe mchimbaji wangu, nami nitapika na kuuza, lakini kwanza ale, kwa sababu sifanyi kazi na mtu anayekinyanyapaa chakula changu. Nilikuwa nacho kipande kwenye kikapu, nimekuja nacho cha kula njiani. Akakila. Alitafuna akiwa ameangalia chini, na mimi nilimtazama mpaka alipomeza. Halafu nikampa kingine.

Mwaka wa kwanza kazi ilikwenda. Alichimba, akaosha, akaanika kwenye mkeka, akanitumia kwa gari za Tunduma. Baba mkubwa akipita barabarani anaona viazi vimeanikwa, anatoa salamu zake, anakwenda zake. Tatizo likaja kwenye sufuria. Baadhi ya mafungu yalikuwa hayagandi. Nasonga, naweka makaa, nasubiri, nikifunua nakuta uji mzito wenye utelezi, unavutika na mwiko kama bamia. Nikaanza kuvitafuna vile viazi bila kuvipika, kimoja kimoja, nikagundua kuna cha aina ya pili kimechanganywa. Kwa macho vikikauka huwezi kuvitofautisha. Kwa ulimi unajua: kile kizuri kina utamu fulani wa mbali, kile kingine kinaacha ukakasi kwenye ufizi na uzi wa mate.

Nilipanda gari mpaka kwake na gunia la vile vibaya. Nilimkuta na majirani wawili wanapukuchua mahindi. Nikalimwaga gunia miguuni pake.

"Mama, wewe si mkulima?" nilimwuliza. "Mkulima gani anavuna mahindi na magugu anatia gunia moja?"

Majirani wakainamia mahindi yao. Nilimshusha bondeni, tukatafuta mpaka nikalipata jani la ile aina mbaya. Ni jembamba, lina mstari mweusi katikati, na ua lake ni la kijani kibichi, dogo, halina sura. Wala usingelichuma kumpa mtu. Nikalishika mbele ya uso wake. "Hili ni gugu. Ling'oe. Usiliache hata moja, linakula nafasi ya chikanda."

Yeye si mtu wa kufanya kazi nusu. Mahindi yake hupandwa kwa kamba. Alianza kulipalilia lile bonde kama shamba: mwezi wa kwanza anapita, wa pili anapita, wa tatu anarudia. Yale majani membamba aliyang'oa na viazi vyake, akayarundika kandokando yakaoza. Vile vibaya vilivyokwisha kufika kwangu nilimpa jirani mwenye nguruwe. Msimu uliofuata akachimba mifereji ya kutoa maji, akainua matuta. Msimu wa tatu akatia mbolea ya kukuzia, ile inayobaki kwenye mahindi, kijiko kwa kijiko, ameinama na magoti yale. Nilipokwenda kumwona alinionyesha bonde kwa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimwona anatabasamu bila kumcheka mtu. "Sasa ni shamba," alisema. "Na huyo mzee aje aseme limelala."

Mimi nilimwambia mstari wa mwisho umepinda. Ulikuwa umepinda kweli, lakini kidogo sana, na sikuwa na sababu ya kuusema.

Daktari alikuja kwenye meza yangu mpakani akiwa kama wateja wengine, mwanamke wa makamo, miwani, mkoba mgongoni, ananunua kipande kimoja na kukila pole pole huku anakigeuzageuza. Nikadhani ni afisa afya. Kumbe ni daktari wa mimea kutoka chuo kikuu. Aliniambia viazi hivi vinatoka kwenye mimea inayoitwa okidi, tena ya aina nyingi, na kwamba kule maporini inachimbwa mpaka inakwisha, watu wanahama bonde hadi bonde. Shida yake ilikuwa hii: kiazi kikishakauka hakina jani wala ua, na mtaalamu hawezi kujua kimetoka kwenye mmea gani mpaka apeleke maabara kupima vinasaba. Sokoni kuna magunia kwa magunia. Angepima vingapi?

"Lete hapa," nilimwambia.

Alileta mfuko wa viazi mchanganyiko alivyonunua kwa wachuuzi. Nikaketi, nikaanza kutafuna na kutema, kutafuna na kutema, natenga mafungu kwenye sinia. Hiki kinaganda haraka. Hiki kinaganda lakini kinakuwa kigumu kama sabuni. Hiki ni cha kuongezea tu. Yeye anaandika. Madereva wa Kizambia walisimama kunitazama, mmoja akaniita mayo, yaani mama kwa lugha yao, akasema mama huyu ana ulimi wa nyoka. Nikasonga sufuria ndogo kwa kila fungu ili daktari aone kwa macho. Mtu aliyesoma mpaka miwani ikamwota usoni anachungulia sufuria zangu na kuniuliza, "Kwa nini hapa umepunguza magadi, dada?" Nilijisikia mkubwa, sitaki kudanganya. Miaka yote ile ya sufuria iliyong'oka mkono, nilitamani mama mkwe awepo aone.

Na kwa sababu ya kujiona, nikaingia ndani nikatafuta kwenye kona ya stoo, nikapata konzi moja ya vile vibaya vilivyobaki kwenye gunia kuukuu. Nikamwekea daktari pembeni. "Na hivi ni takataka," nikasema. "Hivi tunawapa nguruwe. Nakupa ujue tu kwamba navyo navijua."

Akavitia kwenye bahasha, akaandika juu yake.

Majibu yalikuja baada ya miezi. Daktari alinipigia simu mwenyewe, na kwanza alinisifu: mafungu yangu na vipimo vya maabara vilikubaliana karibu vyote, akasema jiko langu lingewapunguzia kazi kubwa. Halafu sauti yake ikabadilika. Ile bahasha ya takataka. Vilitoka wapi? Maana haikuwa aina ya kawaida, hakutegemea kuipata huku kwetu, alijua sehemu chache sana inapoota na huko nako inapungua. Ni lazima auone mmea ukiwa hai, ukiwa na ua lake, mvua hizi hizi. Nikamwambia ni kwa mama mkwe wangu. Nikamweleza habari za bonde, za baba mkubwa, za milingoti, kwa sababu nilikuwa na mdomo mwepesi siku ile. Akasema, "Basi ni vizuri zaidi. Nikiukuta mmea umesimama nitaandika kwa serikali ya kijiji na wilayani. Bonde kama hilo haliguswi. Na bibi ndiye atakayetajwa kuwa mlinzi wake."

Nilikaa na simu mkononi. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba tumeung'oa. Nilijiambia labda umebaki mmoja, bonde ni kubwa, mama mkwe macho yake si mazuri tena. Ukweli ni kwamba sikutaka kuwa mtu mwingine masikioni mwake. Alikuwa ameshaniita mtaalamu.

Kwa mama mkwe nilipiga simu nikamwambia tu anakuja mgeni mkubwa, daktari, anataka kuona bonde, na akiliona kuna barua itatoka na baba mkubwa hatakuwa na la kusema tena. Kisha akaniuliza mgeni anakula nini.

Siku ile alichinja jogoo. Alipika maharage ya karanga na ugali wa ulezi, akanikabidhi jiko lake, jiko lenyewe, na sufuria yake kubwa ya sherehe, akasema, "Songea humu." Nikasonga chikanda humo. Baba mkubwa alikuwepo na mwenyekiti wa kitongoji. Yeye mama mkwe ndiye aliyewaalika, ili wasikie kwa masikio yao. Wote walikula chikanda. Daktari aliwaeleza kwa lugha nyepesi kwamba chakula hiki kinawaunganisha wapishi, wakulima na watu wa maabara, na kwamba bila mpishi kama huyu hapa wasingejua kuna nini bondeni. Akanishika bega. Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka.

Tukashuka. Mama mkwe mbele, anatembea haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu. Tulipofika alisimama pembeni akaacha daktari apite, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango wa sebule.

Lilikuwa shamba safi sana. Matuta yamenyooka, mifereji imesafishwa, hakuna jani lisilotakiwa. Na chikanda chenyewe, kile kizuri, kilikuwa kimebaki hapa kimoja pale kimoja, kimepauka, kimefifia. Nilikuwa nimeona mizigo inapungua mwaka ule nikadhani anauza pembeni. Hata nilikuwa nimemtukana kwenye simu kwa hilo.

Daktari alivua viatu, akaingia, akapita tuta kwa tuta ameinama. Alichukua udongo akaunusa. Alipiga magoti mara mbili, mara zote mbili akainuka mikono mitupu. Ilichukua muda mpaka mwenyekiti akaangalia saa. Mwisho alirudi, akaeleza ule mmea unavyofanana: jani jembamba, mstari mweusi, ua la kijani. Mama mkwe akasikiliza, na kabla daktari hajamaliza, mimi nilimwona anaelewa. Uso wake haukubadilika ila mikono ilishika kitenge.

"Hilo tulikuwa tunaling'oa," alisema.

"Lote, bibi?"

"Lote."

Daktari akafumba macho. Halafu akaeleza, na ninamheshimu kwa kuwa hakupandisha sauti. Mbegu za mimea hii ni vumbi tupu, alisema, hazina chakula ndani. Zinalishwa na kuvu wanaoishi udongoni, wadogo wasioonekana. Jembe likigeuza udongo, maji yakitolewa, mbolea ikitiwa, kuvu wale hawawezi kuishi, na bila wao hakuna kitakachoota tena, si kile kibaya wala kile kizuri. Bonde hili lilikuwa linajilima lenyewe. Akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa imechoka, "Lakini ni nani aliyewaambia mng'oe?"

Mama mkwe akanigeukia. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mwenzake waliyebeba naye mzigo, anayesubiri mwenzake atue upande wake ili naye atue. Baba mkubwa naye akanitazama, na mwenyekiti, na daktari.

Maneno niliyoyasema nayakumbuka yote. Nilisema, "Daktari, mtusamehe. Wazee wetu hawakusoma. Wao wakiona jani wasilolijua ni jembe tu."

Maji ya mfereji yalikuwa yanapita chini ya miguu yetu.

"Ni mimi," alisema mama mkwe. "Nilidhani magugu."

Daktari akamwambia pole bibi, hukujua. Baba mkubwa akaanza kusema Mungu anajua makusudi yake. Nilitazama viatu vyangu vilivyojaa tope na moyoni, Mungu anisamehe kama anaweza, nilichokisikia kwanza kilikuwa nafuu. Aibu ilikuja njiani kurudi, na hata hiyo ilikuja ndogo, ikakua baadaye. Wakati wa kupanda kilima mama mkwe alibaki nyuma kwa sababu ya magoti, nikarudi kumshika mkono. Hakuutoa. Aliuacha ushikwe.

"Nilikungoja useme," aliniambia kwa Kinyiha, lugha ambayo miaka yote alijifanya haamini kama naielewa. "Nimekungoja mpaka nikaona haya kwa ajili yako."

Nikamwuliza mbona yeye hakusema. Akanijibu kwamba daktari angeondoka zake leo, lakini mimi nina wajukuu wake nyumbani na wanakula kwa kile kimeza changu cha mpakani. "Mmoja akishaharibikiwa, wa pili anahifadhiwa," alisema. "Hata kuku tunafanya hivyo." Kisha akaniomba nimwache apumzike kwenye jiwe, nitangulie kuwapa wageni maji ya kunawa.

Barua haikuandikwa, kwani iandikwe nini. Milingoti ilipandwa mvua zilizofuata, kwa mistari iliyonyooka, na baba mkubwa aliisifu sana kazi ya mjane, kwa kuwa matuta aliyakuta tayari. Kisima kilianza kushuka. Ulipofika msimu wa pili wa kiangazi mama mkwe alikuwa anachota tope, na mume wangu akaenda na gari akamleta Chapwa na godoro lake, kuku wake wanne na ile sufuria kubwa ya sherehe.

Anakaa na mimi sasa. Asubuhi anachambua karanga, mchana anatwanga. Hajawahi kulitaja bonde, si kwa mwanawe, si kwa mawifi zangu wakija kumsalimia. Ningependa alitaje. Kuna siku namchokoza makusudi, namwambia karanga zina mchanga wakati hazina, ili anitukane kama zamani, aniite mla matope. Anachambua upya, ananirudishia sinia kwa mikono miwili.

Mimi nimekuwa mtu. Daktari hakuniacha, ananialika kwenye mikutano ya wakulima na watafiti, nasonga chikanda mbele ya ukumbi nimevaa aproni, nawaambia watu kwamba jiko ni maabara ya kwanza, kwamba ulimi wa mpishi unajua kitu ambacho mashine inakitafuta, kwamba tuchimbe kidogo na tuache bonde lipumzike. Wananipigia makofi. Kila ninachosema ni kweli. Nimejifunza kwa gharama ya mtu mwingine, na hilo sisemi.

Mwezi uliopita walikuja wageni nyumbani, wanafunzi wa daktari, watano, na kamera. Waliniketisha kwenye kigoda uani, wakanirekodi naonja na kutenga mafungu, wakaniuliza maswali. Mama mkwe alikuwa pembeni kwenye mkeka wake na ungo. Binti mmoja mwenye adabu nzuri, wa kutoka mbali, alipiga magoti mbele yake akamsogezea kinasa sauti. "Na wewe bibi," alisema, "wazee ndio mnaojua mambo ya zamani. Wewe unajua nini kuhusu chikanda?"

Mkono wangu ulisimama kwenye sinia. Mama mkwe alimtazama yule binti, akakitazama kile kidude kinachowaka taa nyekundu. Upande wangu hakugeuka.

"Mimi?" alisema. "Mimi najua kung'oa tu, mjukuu wangu. Hayo mengine muulizeni mtaalamu."

Wageni wakacheka, wakamwona bibi ana utani. Nami nikacheka nao, kwa sauti kuliko wote, na kamera ikanigeukia.